Je, ni Kweli Vijana Wote Wanywa?



Kuna neno moja linalosemwa siku hizi katika vijiji vya Masisi na Walikale, nalo husemwa na watu wa namna mbili. Kijana mlevi hulisema akimvuta mwenzake: "Kunywa tu, kwani nani asiyekunywa?" Na mzee mwenye uchungu hulisema akitoka Misa, au akiketi mbele ya nyumba yake jioni: "Vijana wa leo wote ni walevi na wavuta bangi." Wa kwanza asema ili kupotosha, wa pili asema ili kuonya. Nia zao ziko mbali kama mashariki na magharibi, lakini neno lao ni moja: wote.

Leo twataka kulipima neno hili dogo. Je, ni kweli? Na kama si kweli, yafaa kulisema hata kwa nia njema? Sisi twashika kwamba si kweli, wala haifai. Tena twashika kwamba neno hili lenyewe ni kishawishi, na pengine chamshinda kijana kuliko chupa iliyo mbele yake.

Kwanza tutazame hesabu, maana mwenye kusema "wote" amejitwika mzigo wa hesabu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa taarifa juu ya pombe katika dunia nzima. Liliwahesabu vijana wenye miaka 15 hadi 19 waliokunywa kileo chochote katika muda wa miezi 12. Likaona kwamba walikuwa asilimia 26.5, yaani vijana milioni 155. Ni wengi, nasi hatutaki kuwapunguza hata mmoja, kwa kuwa kila mmoja ana roho yake na mama yake. Lakini igeuzeni hesabu hiyo muitazame kwa upande wa pili. Katika vijana 100, 73 hawakunywa kitu mwaka mzima. Karibu robo tatu ya vijana wa dunia hawanywi!

Labda mtu atasema: hao ni watoto wa nchi maskini, wasiokuwa na kitu cha kununulia. Basi twende Marekani, nchi ya fedha na starehe. Huko Chuo Kikuu cha Michigan huwauliza wanafunzi kila mwaka, tangu 1975, habari za vileo na madawa ya kulevya. Mwaka 2024, katika wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, asilimia 67 walijibu kwamba katika siku 30 zilizopita hawakugusa pombe, wala bangi, wala sigara ya kawaida au ya umeme. Mwaka 2017 waliojibu hivyo walikuwa asilimia 53. Na wadogo wao, wenye miaka 13 au 14, waliojizuia mwaka 2024 walikuwa asilimia 90. Basi hata mahali ambapo kileo kiko karibu na fedha ziko mfukoni, wengi wajizuia, na idadi yao imeongezeka.

Sasa yafaa tujiulize: ikiwa wengi hawanywi, kwa nini macho yetu yaona kwamba wote wanywa? Wahenga wametuachia jibu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazameni siku ya soko huko Kitshanga, au Mweso, au Walikale penyewe. Vijana watano wametoka kwenye nganda; waimba, watukana, wasukumana katikati ya njia. Kila mtu ageuka kuwatazama, na jioni habari yao yasimuliwa nyumbani. Lakini saa ile ile kuna kijana ashukaye mlimani na bidoni ya maziwa kichwani. Kuna mwingine asukumaye chukudu yenye magunia ya viazi katika njia ya Sake. Kuna wasichana warudio kutoka mtoni, na wanakwaya wafanyao mazoezi ya nyimbo za Jumapili. Nani awatazama hao? Nani asimulia jioni kwamba leo amemwona kijana asiyelewa? Mlevi mmoja ana sauti ya watu kumi, na watu kumi wenye kiasi hawana sauti ya mtu mmoja.

Udanganyifu huu wa macho wataalamu wameuchunguza. Mwaka 1986 Wamarekani wawili, Perkins na Berkowitz, walitoa habari za uchunguzi wao kati ya wanafunzi wa chuo. Waliona kwamba wanafunzi wengi hudhani wenzao wapenda ulevi kuliko ilivyo kweli. Wengi mioyoni mwao walikuwa na kiasi, lakini walifikiri kwamba wenzao hawana. Tangu hapo jambo hilo limeonekana mahali pengi. Na tazameni hatari yake. Kijana hataki kuwa peke yake. Mungu alimwumba mwanadamu awe mtu wa jamaa. Akiambiwa kwamba wote wanywa, huona kwamba kujizuia ni kujitenga na kizazi chake. Basi anywa, si kwa kiu, wala si kwa kupenda, bali kwa kuogopa upweke ambao kwa kweli haupo. Amekimbia kivuli, akaanguka shimoni.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba mwenye kuwashutumu vijana wote kwa kosa la baadhi yao hufanya mabaya mawili. Kwanza, amri ya nane yatukataza kumsingizia jirani. Tena Kanisa hufundisha kwamba hata kumhukumu mtu moyoni pasipo sababu ya kutosha ni dhambi. Je, jirani huacha kuwa jirani kwa sababu ana miaka 16? Mtu akisema, "Wazazi wote wa kijiji hiki ni wezi," watamwita mbele ya mashirika ajibu. Lakini akisema, "Vijana wote ni walevi," watu hutikisa kichwa na kusema kweli. Pili, mwenye kusema hivyo amsaidia mshawishi pasipo kujua. Kijana mlevi alihitaji shahidi wa kuthibitisha uongo wake, na mzee mwenye heshima amesimama kuwa shahidi wake.

Najua, wasomaji, kwamba mna maneno ya kutujibu, nayo si madogo. Tuyasikilize moja moja.

Neno la kwanza: "Hao wasiokunywa, wengi wao hawana fedha, au wamwogopa baba yao. Hiyo ni fadhila gani? Maskini asiyelewa hana sifa, kama kipofu asiye na sifa kwa kutotazama mabaya." Neno hili lina ukweli nusu. Ni kweli, fadhila ya kiasi ni kujitawala kwa hiari, si kukosa nafasi tu. Lakini tukumbuke mambo mawili. Huku kwetu kileo si kitu cha matajiri. Migomba iko nyuma ya nyumba, na kasiksi hutengenezwa jirani. Kanyanga hupimwa kwa kikombe kidogo, kwa bei ambayo hata mtoto aweza kuipata. Na huko kwenye machimbo, kama vile koltani ya Rubaya katika Masisi na kasiterite ya Bisie katika Walikale, kijana wa miaka 17 ameweza kushika fedha taslimu mkononi mwake jioni, mbali na baba na mama, huku wauza vileo wakimngoja njiani. Kijana apitaye hapo na fedha zake, akazipeleka nyumbani kulipa karo ya mdogo wake, nani atathubutu kusema kwamba alikosa nafasi?

Jambo la pili ni hili: fadhila nyingi huanza katika utii na woga, halafu hukomaa zikawa hiari. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba fadhila za kibinadamu hupatikana kwa kurudia matendo mema hata yawe mazoea. Mtakatifu Agustino asimulia habari ya mama yake, Monika, alipokuwa msichana. Yaya mzee aliwakataza watoto wa nyumba ile wasinywe hata maji nje ya saa za chakula, kwa kuwa alijua kwamba mazoea ya leo hayataondoka kesho, watakapokuwa wenye nyumba na funguo za ghala. Hata hivyo Monika, alipotumwa kuteka divai, alianza kuonja kwa ncha ya midomo, kidogo leo, kidogo kesho, hata akawa anywa vikombe karibu vijavyo. Siku moja kijakazi mmoja alimtukana kwa hasira, akimwita mlevi. Neno lile likamchoma. Akaacha siku ile ile. Aliacha kwa aibu tu! Lakini Mungu aliichukua aibu ya msichana, akaijenga iwe utakatifu wa mama. Basi tusidharau kujizuia kwa mtoto kwa sababu kwaanza kwa woga. Mbegu nayo huanza gizani.

Neno la pili: "Ninyi mwasema habari za nchi zenye amani. Sisi tumeishi katika vita." Kweli, ndugu. Tangu mwezi wa tatu wa mwaka 1993, damu ilipomwagika katika soko la Ntoto, Walikale, na vita vikaenea Masisi, nchi yetu imepita katika mikono ya majeshi na makundi mengi. Watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Kijana aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kuwa baba wa watoto, na bado hajaona miaka kumi ya utulivu. Na katika vita hivi tumejifunza jambo moja juu ya vileo ambalo watu wa nchi zenye amani hawalijui vizuri.

Tulitafakari sana. Kwa nini makundi yenye silaha yakimchukua mtoto humpa mara nyingi bangi na pombe kali? Si kwa sababu yampenda, wala si ili afurahi. Ni kwa sababu mtoto mwenye akili timamu huona huruma. Huogopa, hulia, hukumbuka nyumbani. Kabla ya kumtuma kuua, lazima kwanza imuawe akili yake, ndipo mkono utakapotii. Jambo hili si geni. Hata katika uasi wa Wasimba mwaka 1964 bangi ilikwenda pamoja na bunduki. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, nayo yakataza kabisa kumwingiza katika jeshi au kundi lolote la silaha. Lakini karatasi haimlindi mtoto aliyekwisha kulewa.

Basi tuone ukubwa wa jambo hili. Mahali pengine kujizuia kwa kijana ni habari ya adabu na afya. Kwetu sisi ni zaidi. Kijana wa Masisi au Walikale ailindaye akili yake alinda kile ambacho kwacho aweza kusema "hapana" siku atakapoambiwa achome nyumba ya jirani wa kabila jingine. Amri ya tano na fadhila ya kiasi zaishi nyumba moja. Anayeuza akili yake kwa kikombe leo, kesho hana cha kumzuia anapopewa panga.

Wazee wetu walijua kwamba nguvu isiyojitawala ni hatari. Wanyanga wa Walikale wana hadithi kubwa ya Mwindo, ambayo mtaalamu Biebuyck aliiandika kutoka kinywani mwa msimuliaji mwaka 1956. Mwindo ni shujaa aliyezaliwa na nguvu za ajabu, ajisifuye na kushinda wote. Lakini hadithi haikomi kwenye ushindi. Umeme wampandisha juu mbinguni, naye akaa huko mwaka mzima akipata baridi, mvua na jua kali, hata ajifunze kujishusha. Ndipo arudishwa nyumbani, na sasa ndipo afaa kuwatawala watu kwa amani. Wahenga hao hawakuwa na katekismu, lakini waliona kweli hii: hawezi kutawala watu asiyejitawala nafsi yake.

Neno la tatu ni zito kuliko yote, kwa kuwa latoka katika Injili: "Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai katika arusi ya Kana. Nasi twaipeleka kasiksi katika posa, katika msiba, na katika kupatanisha wagomvi. Mbona mwataka kuiharamisha?" Hatuiharamishi. Kanisa Katoliki halikufundisha kamwe kwamba divai ni mbaya. Padri huishika mikononi altareni kila siku. Yatupasa kutofautisha. Kuhusu bangi na madawa ya kulevya, Katekismu ya Kanisa ya mwaka 1992 yasema kwamba kuyatumia, isipokuwa kwa uganga wa kweli, ni kosa zito, kwa kuwa huharibu afya na uhai. Kuhusu pombe, mtu mzima aruhusiwa kwa kiasi. Dhambi ni ulevi. Lakini kijana?

Mwenye migomba atatuelewa. Ndizi za kutengenezea kasiksi hazikamuliwi zingali mbichi. Hufukiwa kwanza, zikae siku zake, ziive. Ukizikamua kabla ya wakati hupati maji matamu, wapata utomvu. Ndizi si mbaya na mikono si mibaya. Wakati ndio mbaya. Vivyo hivyo waganga wa leo wametuonyesha kwamba ubongo wa mwanadamu huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20, na sehemu yake ya kupima mambo na kujizuia hukomaa mwisho. Pombe imwingiapo kijana yamkuta mlango haujatiwa komeo. Mtakatifu Tomaso, katika karne ya 13, hakujua habari za ubongo kama wajuavyo waganga hao. Hata hivyo alifundisha kwamba kiasi katika vileo chawahusu watu wote, lakini vijana zaidi, kwa sababu tamaa zao zina moto. Kwa hiyo kumwambia kijana "ngoja" si kuitukana kasiksi ya babu. Ni kumtakia kijana aive.

Baada ya kujibu maneno hayo, twataka kuonya jambo moja, tusije tukaeleweka vibaya. Tumesema wengi hawanywi. Je, wema ni wema kwa sababu wengi waufanya? Hasha! Kama kesho hesabu zingegeuka, kama katika vijana 100 wangelewa 99, yule mmoja angekuwa bado na haki. Someni kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Vijana wanne tu, watekwa katika nchi ya kigeni, walikataa chakula na divai ya mfalme. Waliomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji, na mwisho wa siku hizo nyuso zao zilipendeza kuliko za wengine wote. Hawakungoja kuwa wengi. Lakini angalieni: walikuwa wanne, si mmoja. Danieli alikuwa na wenzake. Hesabu ya wenzetu si msingi wa wema, ni faraja tu. Lakini ni faraja ya kweli, na haifai kumnyang'anya kijana faraja ambayo Mungu amempa.

Na mmoja wa kwetu ametuonyesha kwamba "hapana" moja yaweza kuwa na thamani ya maisha. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alifanya kazi ya kupima vyakula viingiavyo nchini. Mwaka 2007 alikataa rushwa, hakupitisha chakula kilichoharibika kisije kikawadhuru maskini, naye akauawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Hapo hapakuwa na habari ya pombe. Lakini mtu hajifunzi kusema "hapana" siku ile ya hatari kubwa. Hujifunza katika mambo madogo, akiwa na miaka 14 na 15, mbele ya kikombe na mbele ya wenzake.

Sasa yatupasa kufanya nini? Kisiwa kimoja cha kaskazini kabisa, Iceland, chaweza kutufundisha. Mwaka 1998, katika vijana 100 wa huko wenye miaka 15 na 16, 42 walikuwa wamelewa katika mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa 5 tu. Hawakushinda kwa kuwatukana vijana. Waliwakusanya wazazi wakapatana saa ya watoto kuwa nyumbani jioni. Wakawapa vijana michezo, nyimbo na kazi za mikono chini ya watu wazima waaminifu. Na kila mwaka waliwauliza vijana wenyewe, wakayasoma majibu yao. Sisi hatuna fedha za nchi ile. Lakini je, kupatana saa ya kurudi nyumbani kwahitaji fedha? Kujua mtoto yuko na nani kwahitaji fedha?

Basi twawaomba wazazi mambo matatu. Msimtume mtoto kununua kanyanga. Anayebeba chupa kila siku atajua ladha yake. Msifanye sikukuu ya Komunio ya kwanza au Kipaimara kuwa sikukuu ya ulevi. Wekeni pembeni mutobe mtamu ambao haujachacha, na maziwa, na chai, na ya watoto yatangulie. Na mkimwona kijana mwenye kiasi, msifuni kwa jina lake mbele ya wenzake, ili chema nacho kijitembeze walau kidogo.

Mashirika yetu na vyama vya vijana yana kazi ileile. Xaveri, ambayo Padri Georges Defour aliianzisha Bukavu katika miaka ya 1950, Kiro, Skauti, na kwaya zetu, vyote hivi ni "wenzake Danieli". Kijana anayekuja humo asikute mahubiri tu, akute wenzake. Kila jioni atakayocheza mpira, au kujifunza wimbo, au kulima shamba la chama, ni jioni ambayo macho yake yatahesabu upya na kuona: kumbe, tuko wengi.

Na wale waliokwisha kuanguka? Wasidhani kwamba maandishi haya yawafungia mlango. Matt Talbot wa Dublin aliacha shule akiwa na miaka kama 12, akapewa kazi kwa mwuza divai, na muda si mrefu akawa mlevi. Mwaka 1884, mwenye miaka 28, aliapa kutokunywa miezi mitatu. Akaishika miezi hiyo, akaongeza, hakurudi nyuma hata kufa kwake mwaka 1925. Na mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa. Tena yuko Marko Ji Tianxiang, mganga wa China, aliyetumia afyuni kwa ugonjwa wa tumbo, ikamfunga. Kwa miaka kama 30 hakuweza kupokea Ekaristi Takatifu kwa sababu hiyo, wala hakuacha kusali. Mwaka 1900 alikufa shahidi, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimweka katika hesabu ya watakatifu. Kijana aliyefungwa na bangi au kanyanga ni mgonjwa na ni ndugu. Apelekwe kwa mganga, apelekwe kwa padri, wala asiitwe jina baya mpaka alikubali.

Mwisho twasema nanyi, vijana wetu wapenzi wa Masisi na Walikale, ninyi mlioko mashuleni, ninyi mlioko kambini mbali na nyumba zenu, ninyi mnaochimba na kuchunga. Mwenzako akikuambia kesho, "Nani asiyekunywa?" mjibu kwa upole: "Mimi. Na katika vijana mia wa dunia hii, wengine zaidi ya sabini." Halafu umtazame machoni, huenda yeye naye alinywa kwa kuogopa kuwa peke yake, na wewe ni wa kwanza kumwambia ukweli.